Afisa wa HR Si Bawabu wa Tajiri

Ukikaa kwenye baraza yoyote Mombasa, Kwale au Kilifi na mazungumzo yakaingia kwenye kazi, hutakosa kusikia HR akitajwa kwa uchungu. HR amenifuta. HR kaniambia nirudi msimu ujao. HR kaleta watu wa kwao. Kwa wengi wetu, afisa wa rasilimali watu ni mtu wa kukaa kwenye kiyoyozi ambaye humwita mfanyakazi mara mbili tu: siku ya kuajiriwa na siku ya kufukuzwa.

Nimeonelea tumzungumze mtu huyu leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila ifikapo masika na wageni kupungua, hoteli za ufuoni kuanzia Diani mpaka Watamu hupunguza watu, na hapo ndipo ofisi hii hufanya kazi yake vizuri au vibaya. Ya pili, vijana wetu wengi wanasomea fani hii vyuoni, na wengine wanaichukua wakidhani ni kazi ya kupanga mafaili na kupokea barua za maombi. Mzazi anayelipa karo na mfanyakazi anayeogopa kuitwa ofisini wote wanahitaji kujua kazi hii ni nini hasa.

Tuanze na swali ambalo watu hupenda kuuliza: HR ni wa nani, wa tajiri au wa mfanyakazi? Jibu la haki ni kuwa ameajiriwa na tajiri na analipwa na tajiri. Hakuchaguliwa na wafanyakazi. Wa kuwatetea wafanyakazi ni chama chao, kama KUDHEIHA kwa watu wa hoteli au Dock Workers Union kwa watu wa bandarini. Mwenye kwenda kwa HR akitarajia wakili wake, atarudi na masikitiko. Lakini kuajiriwa na tajiri si kuwa mtumwa wa kila neno lake. Mhasibu naye huajiriwa na tajiri, na hakuna anayesema kazi ya mhasibu ni kumsaidia bosi kughushi vitabu. HR ni vivyo hivyo. Amewekwa pale ili kampuni iwatumie watu kwa mujibu wa sheria, na sheria hiyo ni kubwa kuliko meneja mkuu.

Nchi yetu yenyewe imeitambua kazi hii kuwa ya kitaaluma. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya wataalamu wa usimamizi wa rasilimali watu, ikaunda taasisi ya kuwasajili na kuwasimamia. Maana yake afisa huyu ana maadili ya fani yake, kama wakili au muuguzi. Akisema "nilitumwa na bosi", huo si utetezi wa mtu wa taaluma.

Sasa tuangalie majukumu yenyewe, moja moja, kwa macho ya mtu wa Pwani.

Jukumu la kwanza ni kuajiri. Kazi hii huanza kabla ya tangazo kutoka: kujua nafasi inahitaji mtu wa aina gani, kuiandika wazi, kuitangaza, kuchuja maombi na kuwahoji watu kwa maswali yale yale. Katiba, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, dini, ulemavu, mimba na mengineyo. Dada aliyevaa hijabu akaambiwa "hatuoni kama utafaa kwa wageni", hapo si suala la tajiri kupenda au kutopenda. Ni suala la HR kumwambia tajiri kuwa neno hilo linaweza kuwafikisha mahakamani.

Na kwa vijana wanaolalamikia gharama ya vyeti: tangu Sheria ya Ajira ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kumdai mtu vyeti vya kuthibitishwa na idara za serikali mpaka awe na nia ya kumpa mkataba. Zamani kijana alikuwa akitafuta vyeti vya idara hii na ile kabla hajaitwa hata mahojiano. HR ambaye bado anaviweka kwenye tangazo kama sharti la kutuma maombi anawatoza watu gharama ya bure.

Jukumu la pili ni mkataba, na hapa ndipo Pwani inapoumia zaidi. Uchumi wetu umesimama juu ya vibarua. Kwenye magodauni ya Shimanzi na Changamwe, kwenye viwanda vya EPZ, kwenye hoteli na kwenye mijengo, kuna watu wameitwa vibarua miaka na miaka. Wanaingia asubuhi, wanaondoka jioni, hawana barua, hawana likizo. Wakiugua, wanabadilishwa kama balbu.

Sheria inasema nini? Kibarua kisheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi 3, basi anahesabiwa kuwa ni mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi na haki nyinginezo. Hata kama hakuna aliyemwandikia barua. Na kazi ya miezi 3 au zaidi inatakiwa iandikwe mkataba, na wa kuuandalia ni mwajiri, si mfanyakazi. Mambo yakifika mahakamani na mkataba haupo, mwajiri ndiye wa kuthibitisha masharti yalikuwaje.

Hapo utaona kwa nini nasema HR mzuri ni faida kwa tajiri mwenyewe. Tajiri anaona amepunguza gharama kwa kuwaweka watu 40 bila karatasi. HR anayejua kazi yake anamwonyesha kuwa hakupunguza kitu. Amelimbikiza deni asilolijua ukubwa wake.

Lakini na sisi wafanyakazi tuseme ukweli kuhusu kandarasi za muda. Ukisaini kandarasi ya miezi 6 yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, kwa kawaida tarehe ikifika kazi imekwisha, na mahakama zetu zimelisema hilo mara nyingi. Kutoongezewa kandarasi si kufutwa kazi, ila kama mwajiri alikuahidi au mwenendo wake ulikupa sababu ya haki ya kutegemea kuongezewa. Kwa hivyo jukumu la HR ni kumfafanulia mtu anachosaini, kwa lugha anayoielewa, na kumpa nakala. Kumsukumia mama wa usafi kurasa 8 za Kiingereza na kumwambia "weka sahihi hapa, watu wanangoja" si kazi ya afisa. Ni kazi ya karani wa kukusanya sahihi.

Jukumu la tatu ni mshahara na makato. Watu hudhani hili ni la idara ya fedha peke yake. Fedha wanalipa, lakini kinachotakiwa kulipwa kinatoka kwa HR: ni nani yuko kazini, kwa cheo gani, alifanya saa ngapi za ziada, ana siku ngapi za likizo. Kima cha chini cha mshahara pia hutegemea mahali. Mombasa imo kundi moja na Nairobi na Kisumu, juu ya miji midogo, kwa hivyo kampuni yenye tawi Mombasa na tawi Msambweni lazima ijue tofauti hiyo.

Kisha kuna makato. Leo mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, asilimia 1.5 ya nyumba, ambayo mwajiri naye huongeza kiasi hicho hicho, kuna NSSF na kuna kodi. Juu yake kuna mikopo ya sako na benki. Sheria inataka makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili, ili mtu abaki na angalau theluthi moja ya kupeleka nyumbani. HR anayepitisha mkopo wa tatu na wa nne mpaka mtu anarudi kwake na shilingi 900, amemwachia mtu huyo njia moja tu, ya mkopo wa simu.

Kubwa zaidi ni makato yanayokatwa na yasifike. Mtu anaona kwenye hati yake ya mshahara kuwa amekatwa ya hospitali, mkewe anafika na uchungu wa uzazi, na mashine inasema hajalipiwa. Pesa hizo si za kampuni. Ni amana ya mtu iliyopita mkononi mwa kampuni, na kukata bila kuwasilisha ni kosa la jinai. Sisi tuliokwenda chuoni kabla ya kwenda skuli tumefunzwa uzito wa amana, na tumefunzwa pia kuwa ujira wa mtu haucheleweshwi. HR Mwislamu anayejua kuwa makato hayapelekwi na akanyamaza, ajiulize amana iko wapi.

Jukumu la nne ni nidhamu na kuachishwa kazi. Hili ndilo linalojaza mafaili kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi pale Mombasa na Malindi. Utaratibu si siri. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, uzembe au kutokuwa na afya ya kufanya kazi, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama wakati anaelezwa. Kisha asikilizwe. Hata anayetuhumiwa wizi. Hata aliyenaswa kwenye kamera.

Hapa waajiri wengi hukasirika. Husema: mtu kaiba, kikao cha nini? Kikao ni kwa sababu kamera huonyesha mkono na mfuko, haionyeshi kama msimamizi ndiye aliyemtuma atoe kreti ile nje. Na ni kwa sababu mahakama huuliza maswali mawili tofauti: je, kulikuwa na sababu ya haki? Na je, utaratibu wa haki ulifuatwa? Mwajiri anaweza kushinda swali la kwanza na kushindwa la pili, na bado akaamriwa kulipa. Fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Kikao cha saa moja chenye kumbukumbu iliyoandikwa ni rahisi kuliko hiyo.

Barua za kuachishwa kazi ambazo majirani huniletea niwasomee huwa na neno moja linalorudi: "services no longer required", yaani huduma zako hazihitajiki tena. Hazina sababu, hazina tarehe ya kikao, hazisemi mtu atalipwa nini. Kama kweli hahitajiki kwa sababu biashara imeshuka, basi hiyo ni kupunguzwa kazi, na ina njia yake katika kifungu cha 40: notisi ya mwezi kwa chama au kwa mfanyakazi mwenyewe, na kwa afisa wa leba, kuchagua wa kuondoka kwa kuangalia muda wa kazi, ujuzi na utendaji, kulipa likizo iliyobaki, na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tuliyaona mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli na watu wakarudishwa nyumbani kwa likizo ya bila malipo kwa ujumbe wa simu. Shida ya matajiri ilikuwa ya kweli, hakuna aliyeikataa. Lakini kubadilisha masharti ya kazi kunahitaji mashauriano na mfanyakazi na kuandikwa. Kampuni zilizokaa na watu wao na kukubaliana ziliweza kuwaita tena kwa heshima. Zile zilizotuma ujumbe na kuzima simu zikajipeleka kwenye kesi.

Na anayeondoka apewe chake. Aliyefutwa kwa kosa bado analipwa siku alizofanya kazi na likizo aliyoichuma. Apewe pia cheti cha utumishi, chenye tarehe ya kuanza, aina ya kazi na tarehe ya kumaliza. Si hisani. Ni kifungu cha 51. Cheti hicho hakimsifu mtu wala hakimchafui, na mwajiri halazimiki kuandika sifa, lakini kukinyima ni kumfungia mtu mlango wa kazi nyingine.

Jukumu la tano huwa halionekani, nalo ni utu na usalama wa mahali pa kazi. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa awe na sera iliyoandikwa dhidi ya udhalilishaji wa kijinsia. Msichana wa mapokezi akija na malalamiko kuhusu mkuu wa idara, HR hatakiwi kumuuliza alikuwa amevaa nini. Atayapokea, atayaandika, na atayafuatilia hata kama mtuhumiwa ni mkubwa kuliko yeye. Vivyo hivyo mtu akiangukiwa na mzigo godauni: ajali iripotiwe na fidia ishughulikiwe chini ya sheria ya 2007 ya majeruhi wa kazini. Kumpa nauli ya matwana na elfu mbili za dawa hakufuti deni hilo.

Na tuitaje Ijumaa, maana ni letu. Sheria ya Ajira haikuandika saa ya sala. Kwa hivyo panahitajika mtu wa kupanga zamu ili walio tayari kwenda wapishane na wasiokwenda, na muda ule ufidiwe. HR mwenye busara hulimaliza jambo hili kwa ratiba ya ukurasa mmoja. Asiye na busara huligeuza kuwa vita vya dini kila wiki.

Sasa niingie kwenye kidonda. Malalamiko yetu makubwa Pwani ni kwamba ajira za bandari, reli na mashirika zinakwenda kwa watu wa mbali, na HR ndiye mlango. Malalamiko haya yana msingi, na sheria inatupa silaha. Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema hakuna taasisi ya umma inayotakiwa kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Kwa hivyo tunayo haki ya kudai takwimu za wafanyakazi wa kila shirika la umma lililoko kwetu, na HR wa shirika hilo ana wajibu wa kuwa nazo.

Lakini kisu hicho kina makali pande mbili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini kwenye kaunti zichukuliwe na watu wasiotoka kabila lenye wengi katika kaunti hiyo. Kaunti zetu 6 za Pwani zinahusika kama nyingine. Hatuwezi kuipigia kelele Nairobi kuhusu theluthi, halafu tukikaa kwenye bodi ya utumishi wa kaunti tukajaza mashangazi na wapwa. Bodi hizo ziliwekwa kisheria ili ajira isiwe zawadi ya kampeni, nafasi zitangazwe wazi na HR aandae orodha kwa sifa. Mwanasiasa anapotuma karatasi yenye majina 12, afisa mwenye uti wa mgongo humwomba aiandike barua rasmi na kuisaini. Karatasi nyingi za aina hiyo hazirudi tena.

Nayajua majibu. Wataniambia HR naye ana watoto, akikataa atafutwa yeye. Ni kweli, na simdharau aliye katika hali hiyo. Lakini ana kinga moja, nayo ni kalamu. Amwandikie bosi ushauri wake: jambo hili ni kinyume na kifungu fulani, na hatari yake ni hii. Bosi akishikilia, uamuzi ni wake na karatasi ipo. Siku kesi ikija, afisa aliyeandika ana la kusema. Aliyenyamaza atabebeshwa yote, na bosi atakuwa wa kwanza kusema "mimi niliachia HR".

Kwa mfanyakazi anayesoma makala haya, nina maneno machache. Usingoje siku ya kufukuzwa ndipo uanze kutafuta karatasi. Weka nakala ya barua ya kazi, hati za mshahara na barua zozote za onyo, hata kwa kupiga picha ya simu. Omba likizo yako kwa maandishi, maana ni siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12. Ukiitwa kujieleza, jibu kwa maandishi na omba mwenzako awe nawe. Ukifutwa, una miezi 3 ya kulalamika kwa afisa wa leba, na miaka 3 ya kwenda mahakamani. Wengi wetu hungoja mpaka muda umepita, kisha tunalaumu Nairobi.

Kwa kijana anayesomea fani hii: kazi hii ni ya sheria, hesabu na subira kwa pamoja. Utalaumiwa na pande zote mbili, na mara nyingi hutashukuriwa. Soma Sheria ya Ajira yote, si maelezo ya mwalimu peke yake. Ni ndogo, na kila jioni ukisoma vifungu 5 utaimaliza ndani ya mwezi.

Na kwa wenye hoteli, magodauni na viwanda vyetu: mkimpa HR mamlaka ya kuwaambia hapana, mtalipa mshahara wa mtu mmoja. Mkimfanya bawabu wa kufungulia watu geti la kutokea, mtalipa mawakili.